Mtoto Anayelindwa, Mtoto Anayeshukiwa: Fani ya Ulinzi katika Kompyuta ya XO

Mhakiki wa fasihi akikabidhiwa riwaya, huanza na maswali yaliyozoeleka: nani anasimulia, anamsimulia nani, msuko umepangwaje, mhusika mkuu anaingia lini, na lugha inamchukuliaje msomaji. Ulinzi wa kompyuta hausomwi hivyo. Wahandisi hupima kama umezuia kile ulichokusudiwa kuzuia, na watumiaji hulalamika pale unapowazuia wao. Makala haya yanausoma kwa jicho la mhakiki. Kila kizuizi kilichomo kwenye kompyuta kiliandikwa na mtu aliyekuwa na picha fulani ya mtumiaji akilini, na picha hiyo hubaki ndani ya kizuizi hata mwandishi akiondoka.

Kazi ninayoisoma ni Bitfrost, mfumo wa ulinzi uliobuniwa kwa ajili ya XO, ile kompyuta mpakato ya kijani na nyeupe ya mradi wa One Laptop per Child. Waraka wake ulitolewa hadharani Februari 2007. Aliyeuandika ni Ivan Krstić, kijana mzaliwa wa Croatia aliyeongoza usanifu wa ulinzi katika mradi huo. Ni nadra kukuta waraka wa kiufundi unaomjali mtumiaji wake kwa uwazi namna ile. Hata hivyo, ukiusoma kwa makini utakuta ndani yake watoto wawili. Mmoja analindwa, mwingine anashukiwa, na waraka unawazungumzia kwa sauti mbili tofauti. Tofauti hiyo ya sauti ndiyo iliyokuja kuamua mtoto halisi, shuleni na nyumbani, angeishi vipi na mashine yake.

Tuanze na mandhari. Nicholas Negroponte alipoutangaza mradi mwaka 2005, ahadi ilikuwa kompyuta ya dola 100 kwa kila mtoto wa nchi maskini. Uzalishaji wa wingi ulipoanza mwishoni mwa 2007, bei ilikuwa takriban dola 188. Kwa fedha hiyo mtoto alipata kichakato cha AMD Geode chenye kasi ya MHz 433, kumbukumbu ya MB 256 na hifadhi ya GB 1. Hapakuwa na diski inayozunguka wala feni. Kibodi ilikuwa ya mpira, imefunikwa yote ili vumbi na maji visipenye. Kioo, ambacho usanifu wake uliongozwa na Mary Lou Jepsen, kilisomeka hata juani. Ndani yake ilikaa Linux ya Fedora, na juu ya Linux ikakaa Sugar, mazingira ya kazi yaliyoandikwa kwa sehemu kubwa kwa lugha ya Python.

Mandhari hayo yalimpa mwandishi wa ulinzi sharti gumu. Mtumiaji wake alikuwa mtoto wa shule ya msingi, pengine ambaye bado hajajua kusoma. Shule yake haikuwa na fundi wa kompyuta. Mashine zilikusudiwa kuwasiliana zenyewe kwa zenyewe bila waya, darasa zima na kijiji kizima. Tena zilikuwa za aina moja kwa mamilioni, kwa hiyo udhaifu mmoja ungekuwa udhaifu wa zote kwa siku moja. Mbinu za kawaida, yaani nywila, programu ya kuua virusi, na ule ujumbe wa onyo unaomtaka mtu abonyeze ndiyo au hapana, zote zilikuwa zimeshindwa hata kwa watu wazima wenye elimu na mafundi wa kuwasaidia.

Waraka unalijibu sharti hilo kwa kanuni nne zilizowekwa mwanzoni. Usanifu uwe wazi, usalama wake usitegemee siri. Mashine isimfungie mmiliki wake, na mwenye kutaka kuzima kinga aweze kuizima. Usalama usitegemee uwezo wa kusoma. Tena usimkere mtumiaji wala kumkatizakatiza. Baada ya kanuni hizo linafuata lengo linaloshangaza: mtoto hatatakiwa kuwa na nywila. Atafungua kompyuta na kuanza kazi.

Ukiitazama kanuni ya tatu utaona imebeba uzito wa zote. Inasema kwamba mashine haiwezi kuegemeza usalama wake kwenye ujumbe ambao mtoto atausoma, ataupima, kisha ataamua kwa busara. Kwa tamko hilo waraka unaiondolea kinga ya kompyuta chombo ilichokizoea zaidi, yaani sentensi. Mwandishi anabaki na umbo la tendo peke yake. Kila anachotaka kukizuia itabidi akizuie kwa jinsi vitendo vinavyofuatana, kwa kile kinachowezekana na kisichowezekana kwenye kioo. Mshairi anayejifunga kwa idadi ya mizani hulazimika kutafuta neno linalokaa, na hapa pia kifungo kilizaa ubunifu.

Mfano bora ni namna programu inavyolifikia faili. Mantiki ya ruhusa iliyorithiwa kutoka Unix ya mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilimlinda mtumiaji mmoja dhidi ya mwingine, ikaziacha programu zake zote zifanye lolote ambalo yeye mwenyewe angeweza kulifanya. Krstić anatoa mfano wa mchezo wa karata wa Solitaire. Katika kompyuta ya kawaida, mchezo huo unaweza kusoma barua zako zote, kufuta picha zako na kutuma chochote kwenye intaneti, ingawa kazi yake ni kupanga karata tu. Hakuna aliyeupa mamlaka hayo. Umeyapata kwa sababu wewe ndiye uliyeufungua.

Bitfrost inaigeuza sarufi hiyo. Kila programu inakaa peke yake, haioni mafaili ya mtoto wala kazi za programu nyingine. Ikihitaji faili, inaiomba Sugar, na Sugar ndiyo inayomfungulia mtoto orodha ya kazi zake. Mtoto anagusa picha anayoitaka. Kwa mguso huo picha ile moja inakabidhiwa programu, na nyingine zote zinabaki bila kuonekana. Tazama kilichotokea hapa. Mtoto hakuulizwa kama anaiamini programu, wala hakusoma onyo. Alichagua picha ili aichore au aitume, na kule kuchagua kwenyewe ndiko kuruhusu. Tendo ambalo angelifanya kwa vyovyote limebeba uamuzi wa usalama bila kuongezewa hatua hata moja.

Kwa mhakiki, hapo ndipo fani na maudhui vinapokuwa kitu kimoja. Maudhui ya kinga ni kwamba kazi za mtoto ni mali yake na hutolewa kwa hiari yake. Fani yake ni mkono wa mtoto unaonyoosha kidole na kutoa. Ukiondoa fani hiyo ukaweka kidirisha cha maandishi, maudhui nayo yanabadilika. Mtoto anakuwa mtu wa kupitishiwa fomu asaini, na kila mtu aliyewahi kusaini fomu asiyoielewa anajua saini ile ina thamani gani.

Mfano wa pili ni ruhusa zinazokataa kuchanganyika. Programu inapowekwa kwenye mashine hutangaza mapema inahitaji nini. Programu ya kutazama albamu inaweza kuomba kusoma picha zote kwa pamoja, lakini ikiomba hivyo haipewi mtandao. Inayoomba mtandao haipewi rundo la picha. Wizi wa picha unahitaji mambo mawili, kuziona na kuzipeleka nje, na mfumo unakataa kuyaweka yote mawili katika mkono mmoja. Mtoto hahitaji kujua kwamba wizi huo upo duniani. Kamera na maikrofoni nazo zimewekewa taa ndogo kando ya kioo, zilizounganishwa na umeme wa vifaa vyenyewe. Programu haiwezi kuizima taa huku ikiendelea kumrekodi mtoto. Asiyejua kusoma anaweza kuiona taa, na akafundishwa maana yake kwa dakika moja.

Sugar yenyewe imesukwa kwa uzi huohuo. Kwenye mstari wa juu wa kibodi kuna vitufe vinne vyenye duara. La kwanza limejaa vidoti vingi, maana yake ujirani mzima. La pili lina vidoti vichache, kundi la marafiki. La tatu lina kidoti kimoja katikati, na hapo ni nyumbani kwa mtoto mwenyewe. La nne ni la shughuli anayoifanya sasa hivi. Mtoto akibonyeza kutoka kimoja hadi kingine anasogea kutoka umma hadi faraghani na kurudi. Mipaka ya nani anaona nini, ambayo kwenye kompyuta nyingi imezikwa ndani ya kurasa za mipangilio, hapa ni safari ya vidole vinne. Mtoto anapoitaka kazi aliyoifanya jana, anaikuta kwenye shajara inayojihifadhi yenyewe na kupangwa kwa tarehe. Hakuna folda za kupotelea, wala adhabu ya kusahau kuhifadhi.

Kanuni ya kutomfungia mmiliki nayo imepata umbo lake. Kitufe cha Fn kikibonyezwa pamoja na kile kirefu cha nafasi, programu inafunguka na kuonyesha msimbo wake ili mtoto aone ilivyotengenezwa. Waraka unapanga pia kuwe na nakala mbili za mfumo: moja safi isiyoguswa, na nyingine inayotumika kila siku. Mtoto akitaka kuchokonoa, anachokonoa hiyo ya pili. Akiiharibu kabisa, anarudi kwenye ile safi kwa kushikilia kitufe wakati wa kuwasha. Kazi zake zimekwisha kunakiliwa kwenye seva ya shule, kwa hiyo hata mashine ikipotea masomo yake hayapotei. Huu ni uhuru uliojengwa vizuri. Badala ya kumwambia mtoto asiguse, waraka unamtengenezea mahali pa kugusa na njia ya kurudi.

Mpaka hapa naisifu kazi bila kusita. Lakini sifa hizo zina gharama, na gharama ya kwanza imo ndani ya ubora wenyewe. Kinga iliyojificha ndani ya tendo haiwezi kujieleza inapokataa. Programu iliyonyimwa mtandao haisemi imenyimwa. Inakaa tu bila kufanya kazi. Mtoto aliyeandika programu yake ya kwanza, akitaka isome kazi alizofanya ndani ya programu nyingine, anakutana na ukuta asiouona. Mfumo ulioahidi kumwonyesha jinsi mambo yanavyofanya kazi umeficha jambo moja muhimu, nalo ni mfumo wenyewe unavyoamua. Kutodai kusoma kulikuwa heshima kwa asiyejua kusoma. Kwa mtoto wa miaka 11 anayesoma vizuri na kuuliza kwa nini, kimya kile hakikumtosha.

Gharama ya pili ilikuwa muda. Kufungua shughuli, kama Sugar inavyoziita programu zake, kulichukua sekunde nyingi kwenye XO, huku alama ya shughuli ikipwita katikati ya kioo. Sababu kubwa ni kichakato dhaifu kinachobeba Python. Lakini kuitengea kila shughuli makao yake na utambulisho wake ndani ya mfumo kuliongeza mzigo kwa mashine na kwa waandishi wa programu pia, ambao walilazimika kuzirekebisha programu zilizozoea uhuru wa Linux ya kawaida. Mtumiaji hawezi kutofautisha subira inayoletwa na ulinzi na subira inayoletwa na unyonge wa mashine. Kwake yote ni kungoja.

Sasa turudi kwenye msuko wa waraka, kwa sababu hapo ndipo yule mtoto wa pili anapotokea. Bitfrost imepangwa kwa mfuatano wa maisha ya mashine. Inaanzia kiwandani, inafuata safari ya kusafirishwa, inafika shuleni, ndipo mashine inawashwa kwa mara ya kwanza, na baadaye zinakuja programu na hatari zake. Ni masimulizi yenye mpangilio mzuri. Ila mhusika mkuu, mtoto, anaingia mashine inapowashwa. Anaulizwa jina, kamera inampiga picha, na mashine inatengeneza kimyakimya jozi ya funguo za kidijitali zitakazomtambulisha. Kabla yake wamekwisha kupita kiwanda, wasafirishaji, wizara na shule, na pamoja nao mwizi. Mashine imetoka kiwandani ikiwa imefungwa. Orodha ya mashine za shule fulani na funguo zake za kuziamsha hupelekwa kwa njia tofauti, ili mwenye kuiba shehena njiani abaki na plastiki isiyowaka. Mwizi ametangulia kuingia katika hadithi, na kivuli chake kinamfuata mtoto mpaka mwisho.

Kivuli hicho ni kibali cha muda. Katika nchi iliyochagua kinga ya wizi, mashine hujaribu kila siku kuwasiliana na seva ya nchi na kuuliza kama imeripotiwa kuibwa. Ikiwa imeibwa, inajifunga. Ikiwa haijaweza kuwasiliana na yeyote kwa muda uliopangwa na nchi husika, inajifunga vilevile mpaka shule iifufue. Mwizi asiyeunganisha mashine na mtandao hawezi kuitumia milele. Lakini ndivyo ilivyo pia kwa mtoto aliyekwenda kwa bibi yake kijijini likizo nzima, kwa mtoto aliyeugua muhula mzima, na kwa shule ambayo seva yake imeungua na fundi yuko mkoa mwingine. Kizuizi hiki hakitofautishi kati ya kuiba na kuwa mbali. Kinasoma kimya cha mtandao kama ushahidi, na maeneo yaliyolengwa na mradi huu ndiyo hasa yenye mtandao wa kukatikakatika.

Itazame sauti ya kizuizi hicho pale kinapotokea kwenye kioo. Mashine iliwashwa kwa Open Firmware, programu ya kuwashia kompyuta ya Mitch Bradley, na ndani ya chipu yake kulikuwa na picha chache ndogo: alama ya XO ya rangi ya kijivu, kufuli lililofungwa, kufuli lililofunguliwa, alama ya vema, na uso wa huzuni. Hapa kanuni ya kutotegemea kusoma imetimizwa kwa herufi zake. Asiyejua kusoma anatambua kufuli, na uso wa huzuni unaeleweka kila mahali. Lakini picha hizo zinamwambia nini? Zinamwambia kwamba amefungiwa na kwamba kuna jambo baya. Hazimwambii amekosa nini, nani amefunga, wala aende wapi. Katika kuchagua faili, kutokuwepo kwa maneno kulimpa mtoto mamlaka, kwa sababu jibu lilikuwa mkononi mwake. Mbele ya kufuli, kutokuwepo kwa maneno kunamnyang'anya hata swali.

Tofauti ya pili iko kwenye ufunguo wa msanidi. Mtoto anayetaka kubadilisha mfumo wa ndani kabisa anaweza kuomba ufunguo unaomruhusu, na waraka unasisitiza kwamba maombi hayo yawe rahisi. Hilo ni zuri, na ni watengenezaji wachache wa vifaa wanaowapa hata watu wazima njia kama hiyo. Lakini waraka unaweka muda wa kungoja wa siku 14, ili taarifa ya wizi inayochelewa ipate nafasi ya kufika kwanza. Soma maana ya siku hizo. Mtoto ameonyesha udadisi uleule ambao mradi wote ulikuwepo ili kuuamsha, na jibu la kwanza analopata ni kwamba tutachunguza kwanza kama mashine hii ni yako. Kwenye kitufe cha kuona msimbo alikuwa mmiliki. Kwenye fomu ya ufunguo amekuwa mtu anayeishika mashine, na uhalali wake unasubiri kuthibitishwa na ofisi asiyoiona.

Haki inadai tuseme upande wa pili. Hofu ya wizi haikuwa ya kubuni. Serikali zilikuwa zinaombwa zinunue mashine kwa mamia ya maelfu na kuziweka mikononi mwa watoto wanaotembea barabarani peke yao. Kifaa chenye thamani ya kuuzika kinamhatarisha mtoto anayekibeba, na mashine isiyowaka kwa mwizi inampunguzia mtoto hatari ya kuvamiwa. Kwa maana hiyo kufuli nalo lilikuwa ulinzi wa mtoto. Krstić aliliacha liwe hiari ya nchi, na alieleza bila kuficha linavyofanya kazi. Kutoliweka kabisa kungeweza kuzaa kufuli jingine baya zaidi, lile la kabati la mwalimu mkuu. Peru ilinunua mashine nyingi kuliko nchi nyingine zote, na watafiti wa Benki ya Maendeleo ya Nchi za Amerika walioutathmini mpango wake mwaka 2012 waligundua kwamba watoto wengi hawakuwa wakizipeleka nyumbani, ingawa umiliki wa mtoto ulikuwa mojawapo ya kanuni tano za mradi. Kifaa kinachoogopewa kupotea hufungiwa na binadamu hata kama programu haijakifungia.

Basi kosa la kifungu cha wizi halimo katika kuwepo kwake. Limo katika kuandikwa kwa fani nyingine kabisa, kana kwamba mwandishi aliyejua kugeuza kuchagua kuwa kuruhusu alisahau ufundi wake alipofika hapo. Angeweza kuuliza tena swali lake mwenyewe: ni tendo gani ambalo mtoto mwenye mashine hulifanya kila siku, na mwizi hawezi kulifanya? Mtoto hukaa darasani na wenzake arobaini, ambao mashine zao zinamwona kwenye duara la vidoti vingi. Kuonekana na majirani kungeweza kuwa uthibitisho wa kutosha wa kuongeza kibali, bila seva ya nchi na bila mtandao wa nje. Sidai kwamba wazo hilo lingepita majaribio yote ya kihandisi. Nadai kwamba malighafi ya fani bora zaidi ilikuwa tayari ndani ya Sugar, na kifungu cha wizi hakikuigusa.

Yaliyofuata yanauongezea usomaji huu uzito. Krstić aliondoka kwenye mradi mwanzoni mwa 2008, sehemu kubwa ya ulinzi aliouandika ikiwa haijafika kwenye mashine. Utengano wa programu ulijengwa kwa sehemu, kupitia programu iliyoitwa Rainbow, na baadaye ukaachwa. Walter Bender, aliyeongoza programu, naye aliondoka mwaka huohuo na kuanzisha Sugar Labs. Kufuli ndilo lililodumu. Nchini Uruguay, ambako Plan Ceibal, mpango wa taifa wa kugawa XO, ilianza mwaka 2007 na kumfikia kila mtoto wa shule ya msingi ya umma, kufungwa kwa mashine zilizoripotiwa kuibwa au zisizohuisha kibali kulikuwa sehemu ya kawaida ya mpango. Uliibuka pia mjadala wa hadharani juu ya watoto kuondolewa mamlaka ya juu kwenye mashine zao, mamlaka ambayo kanuni ya pili ya Bitfrost iliwaahidi.

Kwa nini mfumo wa kuchagua faili ukafa na kufuli likaishi? Jibu, nionavyo mimi, liko kwenye swali la msimulizi na msikilizaji. Kinga ya kuchagua faili ilikuwa na msikilizaji mmoja, mtoto, na mtoto hakuwa anaketi kwenye meza ya kusaini mikataba. Kufuli lilikuwa na msikilizaji mwingine: waziri anayetakiwa kueleza bungeni fedha za umma ziko wapi. Kila sehemu ya mfumo ilipata mtetezi kulingana na mtu iliyezungumza naye. Sehemu iliyozungumza na mwenye fedha ilipata wa kuidai. Iliyozungumza na mtoto ilibaki na wahandisi wachache, na walipoondoka ikakosa mlezi.

Suala hili linatuhusu sisi wa ukanda huu moja kwa moja. Rwanda iliingia katika mradi wa XO mwaka 2008 na ikagawa zaidi ya mashine 200,000 katika shule za msingi. Kenya ilianza kugawa vishikwambi kwa wanafunzi wa darasa la kwanza mwaka 2016 chini ya mpango wa kidijitali wa serikali. Kila mpango wa namna hii unakuja na vizuizi vilivyoandikwa mahali pengine: kipi kinafunguka, nani anaweza kuweka programu, kifaa kinajifunga lini, nani anaona kilichomo. Tunapokipokea kifaa tunauliza bei, betri na udhamini. Vizuizi tunavipokea kama hali ya hewa, kitu kisicho na mwandishi. Bitfrost inatufundisha kwamba vina mwandishi, kwamba mwandishi huyo aliwahi kuchagua kati ya sauti mbili, na kwamba tunaweza kumdai achague vizuri zaidi.

Madai hayo yanaweza kuandikwa kwenye hati ya zabuni kwa lugha ya kawaida. Kila kizuizi kielezwe kinamzungumzia nani. Kinachomlinda mwanafunzi kikae ndani ya tendo analolifanya tayari, kisimpe onyo asiloweza kulipima. Kinachoilinda mali ya serikali kitenganishwe na cha kwanza, na kinapofunga kitaje sababu, jina la aliyefunga na mahali pa kwenda, kwa lugha anayoijua mtoto na kwa picha kama bado hasomi. Kutokuwa na mtandao kusihesabiwe kuwa ni kosa. Mtoto anayetaka kuona ndani ya mashine apewe njia ya kuona na njia ya kurudi, na aliyepewa mashine aanze kuhesabiwa mwenye nayo tangu siku ya kwanza.

Ninaiweka Bitfrost kati ya kazi bora za fikra katika kompyuta za bei nafuu, kwa sababu ilithubutu kumwandikia mtoto asiyejua kusoma kwa heshima kamili, na ikathibitisha kwamba heshima hiyo inaweza kuwa uhandisi. Udhaifu wake ni kwamba heshima hiyo iliishia pale mali ilipotajwa. Mfumo ujao wa ulinzi kwa ajili ya watoto wetu upimwe hapo hasa, kwenye ukurasa unaozungumzia wizi, kwa sababu ukurasa huo ndio unaosema mtoto anahesabiwa kuwa nani.